Mumiani: dawa iliyogeuka mnyonya damu

Mtoto wa pwani aliyezubaa nje hadi magharibi alitishwa kwa neno moja tu: mumiani. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikwisha kusikia kwamba kuna watu wanaovizia gizani, wakikunasa wanakukausha damu ikatengenezwe dawa.

Asili ya neno lenyewe haina kiumbe wala damu. Kwa Kiajemi, *mum* ni nta, na *mumiyai* ni lami nyeusi inayochuruzika miambani. Ile ya Darab, katika jimbo la Fars, ilisifika tangu karne nyingi kwa kutibu mifupa iliyovunjika. Maiti za Misri ya kale, zilizokuwa zimepakwa utomvu mweusi wa kufanana na lami hiyo, nazo zikapewa jina hilohilo. Kisha Wazungu wakazisaga na kuzinywa kama dawa. Kwa hiyo wazo la kumgeuza binadamu kuwa dawa halikuzuka Uswahilini.

Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaielezea mumiani kuwa kitu cheusi mfano wa gundi, kutoka Uajemi: hupakwa mwilini, au huyeyushwa kwa samli kikanywewa. Lakini inaongeza kwamba wengi waliamini ni damu ya watu iliyogandishwa, na uvumi ukienea, mji mzima hujifungia ndani jua likishazama.

Hapo neno likahama: kutoka kwenye dawa, likamwangukia anayeisaka.

Zimwi, ambalo nalo hutishia watoto, lina ukoo mwingine kabisa. Hilo ni la Kibantu, ndugu wa mzimu na kuzimu. Wakikuyu wana *irimu*, Wazulu wana *izimu*, na wote ni wala watu. Ila zimwi lilibaki kwenye hadithi za bibi. Mumiani alitoka, akaingia mitaani. Enzi za ukoloni, Nairobi walimwita mzimamoto, na gari la kuzimia moto likawa la kukimbiwa. Kwingineko, huko Tanganyika, aliitwa chinjachinja. Mwaka 1959, huko Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani ulizusha ghasia, na askari polisi akauawa.

Wazee waliotishwa kwa neno hili utotoni bado tunao. Watunga kamusi na walimu wa Kiswahili wakawaulize mapema: mumiani alifananaje, alipita njia ipi, na nani alikuwa wa kwanza kuwatajia jina hilo.