Usahihishaji wa rangi katika video za chini ya maji

Usahihishaji wa rangi katika video za chini ya maji ni kazi ya kurudisha rangi za viumbe na vitu vilivyopigwa picha baharini au ziwani, baada ya maji kuzipunguza. Sehemu ya kazi hufanyika wakati wa kupiga picha, na sehemu nyingine baadaye kwenye kompyuta au simu. Zamani ilikuwa kazi ya watengenezaji filamu tu. Tangu kuenea kwa kamera ndogo za michezo, inafanywa pia na wazamiaji, watafiti na wanafunzi.

Katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, kuanzia Pangani kupitia Tanga hadi Mkinga kwenye mpaka wa Kenya, kazi hii ina umuhimu wa pekee. Huko kuna miamba mingi ya matumbawe, na rangi ya tumbawe ni mojawapo ya dalili za afya yake. Video yenye rangi isiyo sahihi inaweza kuficha ugonjwa, au kuonyesha ugonjwa usiokuwepo.

Sababu za rangi kupotea

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Ukiingia majini, kila rangi hufyonzwa kwa kiasi chake. Katika maji safi kabisa, mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 hupungua kwa karibu asilimia 29 kila mita. Baada ya mita 5 hubaki chini ya asilimia 20, na baada ya mita 10 karibu asilimia 3 tu. Mwanga wa buluu wa nanomita 450 hupungua kwa karibu asilimia 1 kila mita, ndiyo maana bahari ya kina huonekana ya buluu. Rangi ya machungwa hufuata nyekundu katika kupotea, kisha njano, kisha kijani.

Inafaa kukumbuka kwamba kinachohesabika ni safari yote ya mwanga, si kina peke yake. Kama kiti cha pweza kiko kwenye kina cha mita 8 na kamera iko mita 2 mbali nacho, mwanga umesafiri mita 10 majini. Vinundu vyake vyekundu huonekana vya kahawia au vyeusi. Kwa sababu hiyohiyo damu ya mzamiaji aliyejikata kwenye kina kirefu huonekana ya kijani au nyeusi.

Maji ya pwani si safi kama ya bahari kuu. Wakati wa masika mito Pangani, Sigi na Umba huleta matope baharini, na viumbe vidogo vinavyoelea huongezeka. Chembe hizo hufyonza buluu na kutawanya mwanga, hivyo picha huwa ya kijani yenye ukungu. Kwa kawaida maji huwa maangavu zaidi wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kabla ya mvua.

Kamera ndogo za michezo

Kamera inayojulikana zaidi ya aina hii ni GoPro, iliyotolewa kwanza mwaka 2004 ikitumia filamu ya milimita 35. Tangu modeli ya HERO5 ya mwaka 2016, kamera nyingi za HERO zimeweza kuzama hadi mita 10 bila kasha la nje. Kwa kina zaidi huhitajika kasha lisilopitisha maji.

Kamera hizi zina kihisio kidogo na hupanga rangi zenyewe. Mpango wa kujiendesha hubadilika kila mara mzamiaji anapogeuka, na rangi ya klipu moja hupandashuka. Ni vigumu kusahihisha klipu ya namna hiyo.

Maandalizi wakati wa kupiga picha

Usahihishaji mzuri huanzia majini. Kanuni zinazofuatwa zaidi ni hizi:

1. Kukaribia. Umbali wa mita moja au chini yake hupunguza maji yaliyo kati ya kamera na kinachopigwa picha.
2. Kuweka jua mgongoni, na kupiga picha saa za katikati ya mchana, wakati mwanga unapopenya vizuri.
3. Kufunga uwiano wa weupe ili kamera isiubadilishe yenyewe.
4. Kuchagua rangi tulivu badala ya rangi kali, kwa sababu picha tulivu huacha nafasi ya kuhariri.
5. Kutumia kichujio chekundu katika maji ya buluu, au cha majenta (wekundu wa zambarau) katika maji ya kijani. Kichujio hakiongezi nyekundu: hupunguza rangi nyingine ili ziwiane nayo. Hakifai karibu na uso wa maji wala pamoja na taa.
6. Kupiga picha kibao cheupe au cha kijivu katika kila kina, kiwe kipimo wakati wa kuhariri.

Hatua za kusahihisha

Programu nyingi za kuhariri video zina zana zinazohitajika. DaVinci Resolve, kwa mfano, ina toleo la bure. Mpangilio wa kazi kwa kawaida ni huu:

Kwanza, klipu hupangwa kwa kina, kwa kuwa sahihisho la mita 3 halifai kwa mita 12. Pili, mwangaza hurekebishwa. Tatu, uwiano wa weupe husogezwa kuelekea njano na majenta hadi kibao kionekane cheupe au cha kijivu kama kilivyo. Nne, chaneli nyekundu huongezwa kidogo kidogo. Ikiwa nyekundu ni hafifu mno, sehemu ya chaneli ya kijani hunakiliwa ndani yake. Tano, chenga hupunguzwa. Mwishoni matokeo huangaliwa kwenye grafu za rangi, kwa sababu jicho huzoea upesi picha linayoitazama.

Maji ya nyuma yabaki ya buluu. Yakigeuka ya kijivu au ya waridi, sahihisho limepita kiasi.

Mipaka

Video ya biti 8 ina ngazi 256 za kila rangi. Tuseme nyekundu yote iliyorekodiwa iko kati ya 0 na 20. Ikizidishwa mara 10 ifike 200, kosa dogo la ngazi 1 nalo huwa 10, na picha hujaa chenga na mistari. Video ya biti 10, inayopatikana katika HERO11 ya mwaka 2022, ina ngazi 1,024 na huvumilia zaidi. Hata hivyo, rangi ambayo haikufika kabisa kwenye kamera haiwezi kurudishwa. Programu inayoiweka huwa inakisia.

Mahali ambapo mwanga wa jua haufiki, dawa ni taa. Silikanti, samaki wa kale aliyeipa jina Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga iliyoanzishwa mwaka 2009, kwa kawaida huishi kwenye kina cha zaidi ya mita 100. Hans Fricke na wenzake walipompiga picha akiwa hai katika makao yake huko Komoro mwaka 1987, walitumia nyambizi ndogo yenye taa.

Mwaka 2019 wanasayansi Derya Akkaynak na Tali Treibitz walitangaza mbinu iitwayo Sea-thru. Mbinu hiyo hukadiria umbali wa kila nukta ya picha na kusahihisha rangi yake kulingana na umbali huo.

Umuhimu kwa miamba ya matumbawe

Tumbawe hupata rangi yake kwa sehemu kubwa kutoka kwa mwani wadogo mno wanaoishi ndani yake. Maji yakipata joto kupita kiasi, mwani hao hutoka na tumbawe hupauka. Kupauka kukubwa kulitokea mwaka 1998, wakati wa El Niño, kukaathiri pia miamba ya Tanzania.

Katika video isiyosahihishwa, tumbawe lililopauka huonekana la buluu hafifu, na mtazamaji anaweza kudhani ni zima. Katika video iliyozidishwa mwangaza, tumbawe zima la kahawia hafifu huonekana jeupe. Kwa hiyo anayerekodi hali ya mwamba huweka kadi ya rangi ndani ya picha, kama ile ya mradi wa CoralWatch wa Chuo Kikuu cha Queensland, ambayo hulinganishwa na tumbawe palepale majini. Pia huandika kina, tarehe na mabadiliko yote aliyofanya, na huhifadhi faili ya asili bila kuigusa. Video ya kupendeza inaweza kurembwa. Video ya ushahidi haina budi kuonyesha namna ilivyosahihishwa, ili mwingine aweze kurudia kazi ileile na kupata rangi ileile.

Tazama pia

Matumbawe
Silikanti
Mwanga
Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga