Si Kloni, ni Mwigo

Huku Kipili shamba la muhogo halitaki mbegu. Unakata pingili kwenye shina, unaichomeka ardhini, na kinachoota ni muhogo uleule. Hiyo ndiyo kloni ya kweli, na hata Wagiriki, wenye neno lao, walimaanisha kijitawi. Wauza magari ya kale wamelipindua: kwao kloni ni gari la kawaida lililovishwa sura ya nduguye wa bei kubwa. Halikutoka kwenye shina lile hata kidogo.

Mfano unaosimuliwa sana ni wa Marekani. GTO ya Pontiac ilipotoka mwaka 1964, ilikuwa Tempest iliyoongezewa injini kubwa ya V8, na namba ya chasisi haikuonyesha tofauti. Kuanzia 1966 hadi 1971 namba ya GTO ilianza na 242; LeMans ya 1966 ilianza na 237. Ukikuta gari la 1966 lina nembo ya GTO ubavuni na 237 kwenye bamba, maneno yamekwisha.

Sisi tuna Landrova. Fundi huchukua Series III, iliyoanza 1971, akahamishia taa ndani karibu na grili, akafunga grili ya wavu, akapiga rangi. Kwa mbali ni Series II kabisa. Fungua mlango: geji zikiwa mbele ya dereva badala ya katikati ya dashibodi, umeshaijua. Akizihamisha nazo, mwambie ashushe gia kutoka tatu kwenda mbili gari likitembea. Series II hukwaruza mpaka dereva akanyage klachi mara mbili. Series III huingia laini.

Kisha lala chini na brashi ya waya. Bodi ni aluminiamu, chasisi ni chuma na inaoza, kwa hiyo si ajabu bodi moja kuhamia chasisi nyingine. Namba imepigwa kwenye chasisi mbele, upande wa kulia, penye springi. Isome, uilinganishe na kadi ya gari. Pakiwa pamepitishwa grenda, au tarakimu zimekaa kombo, usitoe hata ya soda.

Mambo haya yasibebwe na neno moja. Gari lililobadilishwa sura naliita mwigo, na muuzaji akikwambia mapema kuwa ni mwigo hajakukosea. Namba ya gari halali ikinakiliwa na kubandikwa kwenye gari la wizi, hayo ni magari pacha. Namba iliyofutwa na kuchongwa upya ni ya kughushi, na hizi mbili za mwisho ni za polisi. "Feki" silitaki, linamtukana fundi aliyefanya kazi safi bila kumdanganya mtu.

Watunga kamusi, nawaomba: kloni ibaki kwa muhogo.