Maji yaleyale, vijana wapya

Kijana wa Kasongo anayefuata filamu za Spider-Man anajua kwamba shujaa huyo amekuwa na sura tatu. Tobey Maguire alianza mwaka 2002, Andrew Garfield akaanza upya 2012, na Tom Holland akapata filamu yake 2017. Vazi ni lilelile na nguvu ni zilezile, ila yaliyotangulia yanafutwa. Superman naye, ambaye risasi hazimpenyi, alitoka katika kitabu cha katuni mwaka 1938, na mwaka 2025 ameanzishwa upya tena.

Maniema ya kusini ina shujaa wake asiyepenywa na risasi, na yeye pia ameanzishwa upya.

Mwaka 1964 alikuja kwa jina la Simba. Uasi uliowaka Uvira na Fizi ulienea hadi huku. Waganga waliwanyunyizia wapiganaji maji ya dawa, nao wakasonga mbele wakipaza sauti "Mai Mulele!" ili risasi zigeuke maji. Kindu ilianguka Julai. Askari waliokimbia kabla ya kupigana wakawa ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Pierre Mulele mwenyewe alikuwa mbali, Kwilu, magharibi ya nchi. Huku lilifika jina lake tu.

Dawa ilikuwa na masharti: usiibe, usiguse mwanamke, usigeuke nyuma vitani. Hapo ndipo ilipo siri ya kudumu kwake. Mpiganaji akianguka, wenzake walisema amevunja sharti. Mtu alishindwa, dawa haikushindwa. Novemba mwaka uleule jeshi la taifa pamoja na mamluki waliitwaa tena Kindu, na mwaka 1968 Mulele aliuawa Kinshasa, baada ya kuahidiwa msamaha. Hata hivyo, wengi hawakuona kwamba maji yenyewe yameshindwa.

Ndiyo maana yaliweza kurudi. Katika miaka ya 1990 jina la Mai-Mai lilienea Kivu, na wakati wa vita vilivyoanza 1998 likasikika Maniema pia. Baadaye, katika teritwari ya Kabambare, upande wa Salamabila palipo na dhahabu ya Namoya, walitokea Mai-Mai Malaika. Madai yamebadilika: mwaka 1964 watu walidai uhuru wa pili, baadaye ikawa ulinzi wa vijiji, ardhi na faida ya mgodi. Madai hayo si ya bure. Lakini njia iliyorudiwa ni ileile.

Filamu ikiisha, aliyeigiza kufa huamka akaenda nyumbani. Waliokufa 1964 hawakuamka. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati ule sasa amepita sabini, na bado anakumbuka nani aliondoka asirudi. Kijana anayeitwa kunyunyiziwa maji angemwuliza mzee huyo kwanza: mara ile iliishaje?