Shamba la mawe: namna antena ndogo ilivyovuka bahari

Kuna mdogo wetu aliuliza: mtu mwenye kaua kadogo kama haka ketu kambini, anaweza kweli kufunga antena ya redio ya ridhaa? Tuanze na historia kidogo.

Zamani watu waliamini kufika mbali kunataka antena kubwa. Marconi alisimamisha milingoti 20 huko Poldhu, Uingereza, kila mmoja karibu mita 60. Septemba 1901 dhoruba ikaiangusha. Desemba, akiwa ng'ambo kule Newfoundland, akanyanyua waya kwa tiara tu, akasema amesikia herufi S kutoka Poldhu.

Halafu ikaja sheria ya Marekani ya 1912. Mawimbi marefu, yaliyohesabiwa kuwa ya maana, wakabaki nayo wakubwa. Watu wa ridhaa wakasukumwa kwenye mita 200 kushuka chini. Ni kama kupewa shamba la mawe halafu unaambiwa, haya, lima.

Kumbe shamba lilikuwa na rutuba! Novemba 1923, Léon Deloy akiwa Nice, Ufaransa, aliwasiliana kwa Morse na Fred Schnell wa Connecticut, Marekani, kwa wimbi la karibu mita 100. Mawimbi mafupi hurudishwa ardhini na tabaka la juu la anga, yakatua mbali sana.

Na wimbi likiwa fupi, antena nayo inafupika. Ile ya kawaida ni nusu ya wimbi: wimbi la mita 20 linataka waya wa mita 10 hivi. Ua ukibana, weka mlingoti mmoja katikati, waya ushuke pande mbili kama paa la nyumba. Bado hapatoshi? Simamisha waya wima wa mita 5, na nyaya nyingine zilale chini.

Ila jamani, kutuma bila leseni ni kosa, tusijitafutie kesi ugenini. Na nyaya za umeme zikae mbali kabisa.

Mimi hii habari inanigusa. Kule Kongo, mama alijua kaka yake yuko hai kupitia foni ya parokia, wakati mjomba alikuwa mbali siku tano za mguu. Waya wenyewe ulifungwa kutoka ukutani hadi kwenye mwembe mmoja, basi.

Nyie kwenu ua una mita ngapi? Pimeni, mniandikie hapa chini.