Ziara ya siku moja Pemba: Popo, ngome na msitu vinavyolindwa na wanavijiji

KISIWA cha Pemba, ambacho Waarabu wa zamani walikiita Al-Jazira al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, kinaweza kutembelewa kwa siku moja, na mgeni akaona ngome ya kale, msitu wa asili na popo wasiopatikana mahali pengine popote duniani.

Hata hivyo, vingi kati ya vivutio hivyo havionekani kutoka barabarani, na baadhi vingekwisha kutoweka kama wanavijiji wasingeamua kuvilinda. Kwa sababu hiyo, ziara ya Pemba humtegemea sana mwenyeji anayemwongoza mgeni.

Pemba ipo kiasi cha kilomita 50 kaskazini mwa Unguja. Tofauti na Unguja, ambayo sehemu yake kubwa ni tambarare, Pemba ni ardhi ya vilima na mabonde. Mikarafuu imeota vilimani na mpunga hulimwa mabondeni. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, kisiwa hicho kina wakazi 543,441, na miji yake mikuu ni Chake Chake, Wete na Mkoani.

Safari nyingi huanzia Chake Chake, mji ulio katikati ya kisiwa na karibu na uwanja wa ndege. Wanaosafiri kwa boti kutoka Unguja huteremka Mkoani, upande wa kusini. Ni vyema mgeni awasili siku moja kabla, ili ziara ianze asubuhi mapema.

Ngome ya Mkama Ndume

Kituo cha kwanza huwa Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake, yalipo magofu ya ngome ya karne ya 15. Masimulizi ya wenyeji yanamtaja aliyeijenga kuwa ni Mkama Ndume, mtawala aliyeogopwa kwa ukatili. Inasimuliwa kuwa aliwalazimisha watu kubeba mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio.

Ndani ya eneo hilo kuna kisima ambacho simulizi zinasema kiligawanywa kwa ukuta, ili wake wawili wa mtawala huyo, waliokuwa na wivu, wasikutane wakati wa kuteka maji. Mgeni asiye na msimulizi huona mawe na majani tu. Mwenye msimulizi huondoka na kisa kizima.

Popo walionusurika

Kutoka Pujini, gari hurudi Chake Chake na kuelekea kaskazini hadi Kidike. Huko, mamia ya popo wakubwa wa Pemba huning'inia mitini mchana kutwa, wakijipepea kwa mbawa zao wakati wa joto.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walihofia kuwa popo hao walikuwa wamebaki wachache mno. Walikuwa wakiwindwa kwa ajili ya kitoweo, na sehemu kubwa ya misitu waliyoitegemea ilikuwa imefyekwa kupisha mashamba, yakiwemo ya mikarafuu. Mwaka 1996 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, uliwaweka katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Kilichobadilisha hali hiyo ni elimu shuleni na vijijini, pamoja na vikundi vya wanavijiji vilivyojitolea kulinda miti wanakolala popo. Mwishoni mwa miaka ya 2000 idadi yao ilikadiriwa kuzidi 20,000, na IUCN ikawashusha hadi daraja la hatari iliyo nafuu zaidi.

Faida yake si kwa watalii pekee. Popo hao hula matunda na kutawanya mbegu, hivyo huusaidia msitu kuota upya. Kiingilio anacholipa mgeni ni sababu mojawapo ya mwanakijiji kuona kuwa popo aliye hai ana thamani kuliko aliye chunguni.

Karafuu na msitu wa Ngezi

Barabara ya kwenda Konde hupita kati ya mikarafuu, na wakati wa mavuno harufu yake hutanda hewani huku karafuu zikianikwa juani. Pemba iliongoza kwa zao hilo baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha mikarafuu mingi ya Unguja.

Mbele ya Konde upo Msitu wa Ngezi, mabaki ya msitu wa asili uliowahi kufunika sehemu kubwa ya kisiwa. Wapenzi wa ndege huenda huko kutafuta aina nne ambazo makazi yake ni Pemba pekee: bundi, ninga, chozi na kinengenenge wa Pemba. Bundi husikika zaidi usiku, hivyo anayemtaka hupanga safari ya pili baada ya jua kutua.

Njia inayopita msituni huendelea hadi Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini magharibi penye mnara wa taa, na ufukwe wa Vumawimbi. Hapo ndipo safari nyingi hugeuza kurudi.

Misali na maandalizi

Mwenye siku moja asijaribu kuongeza Misali, kisiwa kidogo kilicho magharibi ya Chake Chake, kwani safari ya chombo na kuogelea penye matumbawe huchukua siku nzima. Misali imehifadhiwa tangu mwaka 1998, na inaaminiwa kuwa jina lake linatokana na msala wa kuswalia.

Mgeni anashauriwa kuvaa mavazi ya heshima, viatu imara na kubeba maji. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, huharibu njia za vijijini. Katika mwezi wa Ramadhani asile wala kunywa hadharani mchana.

Aidha, apatane bei na muongoza wageni kabla ya kuondoka, na aulize kama kiingilio cha kila kituo kimo ndani ya bei hiyo. Swali hilo ni dogo, lakini jibu lake ndilo linaloonyesha kama Kidike itapata chochote kwa kazi ya kuwalinda popo wake.