Nsekera, Lydia (1967– )

Kiongozi wa michezo wa Burundi, na mwanamke wa kwanza kuingia kwa kura katika Kamati ya Utendaji ya FIFA, shirikisho la mpira wa miguu la ulimwengu lililoasisiwa mwaka 1904.

Alipokabidhiwa urais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu la Burundi mwaka 2004, nchi yake ilikuwa bado inauguza majeraha ya vita vilivyozuka mwaka 1993, ambavyo mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulivipunguza makali pasi na kuvizima. Na kushika hatamu za mchezo unaohesabiwa kuwa milki ya wanaume, katika taifa lililo katika hali hiyo, ni jambo lililotaka subira na ujasiri usio haba. Aliongoza hata mwaka 2013, alipompisha Révérien Ndikuriyo; na mwaka huo huo klabu ya Vital'O ya Bujumbura ilitwaa Kombe la Kagame, la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati, nayo timu ya taifa ikafuzu kwa mara ya kwanza mashindano ya CHAN, ya Waafrika wanaocheza katika ligi za nchi zao.

Mwaka 2009 aliingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mwaka 2012 FIFA ilimpa kiti katika Kamati yake ya Utendaji kwa njia ya uteuzi, heshima kubwa bila shaka, lakini heshima ambayo aliyeitoa ana uwezo wa kutoiendeleza. Ndiyo maana siku ya kukumbukwa zaidi katika maisha yake ya uongozi ni ile ya Mei 2013, huko Morisi, ambapo wajumbe wa mkutano mkuu, wengi wao wanaume, walipiga kura, kila nchi moja, ya Burundi ikiwa sawa na ya Brazili. Nsekera alipata kura 95, Moya Dodd wa Australia 70, na Sonia Bien-Aime wa Visiwa vya Turks na Caicos 38. Wawili hao nao walipewa viti, ila kwa uteuzi wa mwaka mmoja. Yeye alipata miaka minne, na kwa idhini ya mataifa yenyewe. Tofauti hii hupitwa kwa haraka na wengi wanaomtaja, ilhali ndani yake ndimo ulimo uzito wa habari nzima: mwenye kuchaguliwa huwajibika kwa waliomchagua, wala hakai barazani kwa fadhila ya mtu.

Tangu mwaka 2014 aliongoza tume ya Olimpiki inayoshughulikia wanawake katika michezo, na mwaka 2017 akawa rais wa Kamati ya Olimpiki ya Burundi. Kiti chake katika Baraza la FIFA, lililoirithi ile Kamati ya Utendaji, kilichukuliwa Machi 2021 na mwanamke mwingine wa Afrika, Isha Johansen wa Sierra Leone, naye pia kwa kura.