Siku ya Thelathini (Sehemu ya Nne)

ILIPOISHIA: Korogwe, mwaka 1958. Wakata mkonge wamekubaliana kwamba alfajiri hakuna atakayeingia shambani. Usiku huohuo karani anapiga hodi chumbani kwa Mapunda, daftari la siku likiwa kwapani. SASA ENDELEA...

"Soma mwenyewe, Mapunda," karani alinong'ona. "Halafu uniambie kama bado unawaamini wenzio."

Mapunda akasogeza kibatari. Madarasa mawili aliyosoma Peramiho, kabla lori la SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, halijamleta huku kuwa manamba, yalimtosha kwa hesabu hizi. Kushoto majina, kulia vijiti. Kijiti kimoja, siku moja. Zikitimia 30 ndipo kipande, kadi ya siku za kazi, kinalipwa. Yeye alikuwa na 29. Leo alikata mizigo 70, kila mzigo majani 30, mikono ikivuja damu, na jioni nyapara akatangaza kwamba kipimo kimepanda, sasa ni 80. Siku yake haikuandikwa. Huo ulikuwa wizi wa mchana kweupe, na kambi nzima iliujua.

Kidole chake kikakwama kwenye jina moja. Ngonyani. Vijiti 30, havikupungua hata kimoja.

Ngonyani, aliyelala kitanda cha pili humuhumu chumbani! Wiki ya tatu sasa hajashika panga, tangu mwiba wa mkonge umchome jicho. Wenzake ndio waliomchangia unga. Nani humwandikia siku mgonjwa, kama si kumlipa kwa kuuza siri za kamati ya mgomo?

"Umeona," alisema karani. "Alfajiri waonyeshe na wengine."

Kitandani Ngonyani alijigeuza, kitambaa kikiwa jichoni. Kumbe hakuwa amelala.

"Kaka," alisema taratibu, "hebu pitisha kidole juu ya vijiti vyangu."

Mapunda akapitisha. Kidole kikatoka cheusi. Wino ulikuwa mbichi.

Alipoinua uso, karani hakuwepo. Kufuli likalia kwa nje. Mwanga wa gari ukapenya kwenye nyufa za mlango, na sauti ya nyapara ikapaa: "Mwizi wa daftari yumo humu, bwana!"

Ngonyani akanyakua kibatari. "Lete tulichome, kaka! Wakilikuta mkononi mwako, umekwisha."

"Siku za watu wote zimo humu! Likiungua, kesho tutadai kwa kitu gani?"

Ufunguo ukaingia kwenye kufuli. Mwali wa kibatari ukagusa pembe ya karatasi...

ITAENDELEA WIKI IJAYO